Mwaka wa Kulinda Embe la Papa Mukendi

Mama yangu tulimzika mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaishia. Siku ya tatu ya kilio, wanawake wakiwa wameketi uani wakichambua sombe, majani ya muhogo ya kupika, mwanamke mnene mwenye fimbo alikuja akakaa karibu nami, akanishika goti. Ilinichukua muda kumtambua. Alikuwa Béa, jirani yetu wa zamani, aliyehamia mtaa wetu nilipokuwa na miaka kumi na tano. "Mama yako," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "minye sijaona mutu wa kupigania miti ya bengine sawa yeye." Wanawake wakacheka, kwa sababu hata kwenye kilio watu hutafuta mahali pa kupumulia. Nami nikacheka. Kisha nikainuka, nikaingia jikoni, nikafunga mlango na kusimama gizani nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Nimewahi kuwasimulia watoto wangu karibu kila kitu cha ujana wangu hapa Likasi: shule ya masista, viatu vya kaka nilivyovirithi, homa iliyotaka kuniua. Mwaka ule huwa nauruka. Nautoa sasa kwa sababu Mama hayupo tena, na yeye ndiye pekee aliyejua yote niliyofanya.

Nyumba za mtaa wetu zilikuwa za kampuni, zimepangwa kwa mistari, kila moja na uwanja wake. Kati ya uwanja wetu na wa akina Mukendi palikuwa na ua wa minyaa, na katikati ya ua pengo ambalo hakuna aliyekumbuka nani alilifungua. Papa Mukendi alikuwa fundi umeme kiwandani, mwenye asili ya jimbo la Kasai, mtu mrefu, mkimya, mwenye kucha zilizokatwa vizuri kuliko za wanawake wa mtaa. Kila siku akirudi zamu alivua viatu, akanywa kikombe kimoja cha maji akiwa amesimama, halafu akaenda kwenye miti yake kabla hata ya kuuliza kuna chakula gani. Alikuwa na michungwa miwili aliyoiunganisha mwenyewe juu ya mashina ya limau, mipera minne karibu na bomba, na mwembe mmoja mkubwa mbele ya jikoni, uliozaa maembe marefu yasiyo na nyuzi. Binti yake Kapinga alikuwa rafiki yangu. Tulilala kwao au kwetu, kutegemea nyumba ipi ina bukari, ugali wetu, ya kutosha jioni ile. Mezani kwao nilijifunza kula pondu yao, yaani sombe yenye mawese mengi, na nilijifunza kuyasikiliza maneno ya Kiluba ya Mama Ngalula, mama yake Kapinga, hadi nikajua akisema jambo kwa sauti ya chini ni mimi anayenisema, na ni wema.

Mama alikuwa mwanafunzi wa Papa Mukendi. Baba yangu alifanya kazi Mwadingusha, kwenye bwawa, akirudi mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo uwanja ulikuwa wa Mama. Jirani ndiye aliyemfundisha kufunga kitambaa chenye mafuta machafu ya gari kuzunguka shina ili chungu wasipande, kumwaga majivu kwenye mizizi, kuokota kila pera lililoanguka na kulichoma, maana ndani yake mna funza watakaokuwa nzi wa kesho. Alimfundisha kuvisha mapera. Tulikata magunia ya zamani ya unga, tukashona vifuko vidogo, tukavifunga kwenye matawi, pera moja moja, na mti ukaonekana kama umebeba hirizi na bandeji. Alimfundisha kuchuma embe kwa upondo wenye mfuko, likiwa bado na kikonyo chake, na kulilaza kifudifudi ili utomvu udondoke bila kuunguza ngozi. "Lakini usichume kama mabega haijajaa," alikuwa akisema, akionyesha kwa kidole pale tunda linapovimba karibu na kikonyo. "Embe ya kuvuna mbele ya saa yake haiivi. Inanyauka tu, inakuwa sawa sikio ya muzee."

Maneno yalianza kubadilika kabla ya watu kubadilika. Posho ya unga iliyokuwa ikitolewa kiwandani ilikatika, king'ora cha zamu kilianza kuruka siku, na kwenye foleni ya maji nikasikia mwanamke aliyetuuzia maandazi tangu nikiwa mdogo akisema kwamba taabu yote hii imeletwa na watu wa Kasai, kwamba wamekula kazi zote. Mama Ngalula alikuwa nyuma yetu na ndoo yake. Alitazama mbele. Nilitaka Mama aseme kitu, na Mama akasema tu, "Georgette, sogeza ndoo." Redioni waliitwa wadudu. Mwezi wa nane vijana wakaanza kupita mitaani mchana kweupe wakigonga milango ya watu wa Kasai kwa rungu, wakiwapa siku ya kuondoka. Mlango wa akina Mukendi waligonga siku ya Jumanne. Kapinga alikuwa akinisuka nywele barazani. Aliendelea kusuka hadi mwisho wa mstari, akafunga uzi, ndipo akainuka.

Ninachokumbuka zaidi cha siku walipoondoka si kilio. Ni sauti ya maji. Kupitia ua nilimsikia Mama Ngalula akibishana na mumewe kuhusu cherehani, kama itabebeka au haitabebeka, na badala ya jibu la mume nikasikia maji yakimwagika, ndoo baada ya ndoo. Alikuwa akimwagilia miti. Halafu akaja kwenye pengo akiwa amevaa koti lake la misa, katikati ya joto.

"Mama Georgette," akasema, "machungwa iko karibu kuisha, muvune yote. Lakini embe, ni mpaka mwezi wa kumi na moja, hata kumi na mbili. Utaniangalilia?"

"Papa Kapinga, nitawaletea huko ku gare," Mama akasema. "Wakati itaiva."

"Kama tutakuwa tungali pale."

"Gari moshi yenyewe iko wapi? Mutakuwa."

Alisema hivyo ili kumtuliza, na ikatokea kuwa kweli. Maelfu walikuwa stesheni wakingoja gari moshi la kuwapeleka Kasai, mahali ambapo Kapinga hakuwahi kukanyaga, na gari moshi halikuja. Walikaa pale mwezi, kisha miezi.

Nyumba yao ilikaa tupu siku tano. Siku ya sita akaingia Béa na mumewe. Béa alikuwa na miaka kama ishirini na miwili, mja mzito, mwembamba sana wakati ule. Mama alingoja ashushe godoro lake, kisha akavuka pengo na kumwambia bila salamu ndefu kwamba miti ile ina wenyewe. Béa alisimama na mkono kiunoni. "Miti iko mu parcelle, mu uwanja yangu, Mama. Nitakulaka nini, minye na huyu wa mu tumbo?" Nilidhani watapigana. Lakini Mama alimtazama lile tumbo, akatazama sufuria moja iliyokuwa juu ya jiko la mbabula, na akaketi kwenye gogo. Walizungumza hadi jua likageuka. Walikubaliana nusu kwa nusu: nusu ya matunda yote kwa Béa, nusu kwa wenyewe stesheni, na kazi ya kulinda tutafanya sisi. Funguo moja ya geti la uwanja ule akaachiwa Mama. Nimekutana na watu wengi waliosoma sana ambao mwaka ule hawakuweza kufanya walichofanya wanawake wale wawili juu ya gogo.

Kila Alhamisi nilipeleka kikapu. Stesheni ilianza kunuka kabla hujaiona: moshi wa mbabula mia, dawa ya choo, nguo zisizokauka. Akina Mukendi walikuwa wamejenga kibanda cha shuka na mabati mawili kando ya reli ya pembeni, na Mama Ngalula alikuwa amepanga vitu vyake humo kana kwamba bado ana vyumba: hapa sahani, hapa vitabu vya Kapinga, hapa cherehani, iliyobebeka hatimaye. Walikula mara moja kwa siku, uji wa msaada uliochanganywa na chochote. Chungwa moja liligawanywa kwa vipande, na vipande viwili vikaenda kwa mzee wa kibanda cha jirani aliyekuwa peke yake. Mimi na Kapinga tuliketi juu ya reli tukisuka nywele, tukizungumza mambo ya shule, nani amependwa na nani. Papa Mukendi hakuniuliza habari za nyumba hata siku moja. Aliuliza: "Maua ya embe ilianguka mingi?" Aliuliza: "Mama yako alibadilisha kitambaa ya mafuta?" Alianza kukohoa mwezi wa kumi, mvua za kwanza zilipopita chini ya shuka. Alikohoa akigeuza uso, kwa adabu, kama mtu aliyeko kanisani.

Na huku nyumbani maembe yalikuwa yakikua. Njaa nayo ilikuwa ikikua, na watu walianza kuutazama mwembe ule kwa namna walivyokuwa wakitazama lori la unga zamani. Mama alizungushia shina matawi ya miiba. Alitundika makopo ya maziwa yenye vijiwe ndani, akayafunga kwa kamba iliyopita pengoni hadi dirishani kwetu, ili tawi likitikiswa sisi tusikie. Mchana aliketi chini ya mti akishona, na fimbo kando. Alizijua embe zile kwa idadi ya vichala. Watu wakaanza kumcheka, kisha wakaacha kumcheka na wakaanza kumwita mama wa Bakasai. Shuleni jina hilo likahamia kwangu. Msichana aliyeketi nami dawati moja, Solange, alihamisha vitabu vyake kwenda dawati lingine bila neno, na wengine wakafuata. Niliimba peke yangu njiani kurudi nyumbani ili nisionekane kama mtu asiye na wa kuzungumza naye. Kuna siku nilimchukia Kapinga kwa sababu hakuwepo, na kwa sababu alikuwa sababu. Niliona aibu kwa kumchukia, na aibu ile ikanifanya nimchukie zaidi.

Jumamosi moja, mwisho wa mwezi wa kumi na moja, Béa alishikwa na uchungu asubuhi, na mumewe akampeleka hospitali. Mama alikuwa na safari ya Buluo kutafuta unga wa muhogo kwa mtu aliyemfahamu. Akanipa funguo ya geti. "Kaa chini ya muti," akaniambia. "Mabega inaanza kujaa. Wiki mbili tu, na tunavuna." Nilikaa na kitabu. Ilipopita saa sita mchana hivi nikasikia watu wakicheka barabarani, na sauti moja ikaniita kwa jina langu. Alikuwa Solange. Nyuma yake walikuwa wengine kama kumi na wawili, wasichana na wavulana wa shule yetu, na wadogo zao, hakuna aliyeshika rungu, hakuna mtu mzima kati yao.

"Georgette, tupe maembe," Solange akasema.

"Ni ya watu."

"Watu gani? Baliisha kuenda." Kisha akainamisha kichwa, akanitazama si kwa ubaya. "Weye uko wa nani, kwanza? Uko wa kwetu ao wa kwabo?"

Ningependa kuandika kwamba walinitisha. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kitisho. Hakikuwepo. Kulikuwa na jua, na Solange aliyeshika nondo za geti kwa vidole vyake vyote kumi, na meno yake mazuri, na miezi mitatu ambayo hakuna mwenzangu wa shule aliyeniita kwa jina. Nikafungua. Nilifungua mimi, kwa funguo aliyonipa Mama. Niliwaonyesha mahali pa kupita ili miiba isiwachome, nikaikata ile kamba ya makopo kwa kisu cha jikoni. Wakapanda kama nyani, wakatikisa, wakarusha fimbo na mawe, na maembe yakaanguka mabichi, magumu, yakigonga ardhi kama visigino vya watu wanaokimbia. Mimi pia nilipanda. Mtu alileta chumvi kwenye karatasi. Tuliketi matawini tukila vipande vichachu vilivyotufunga midomo, na Solange akaniegemea bega, akasema jambo la kuchekesha kuhusu mwalimu wa hesabu, nikacheka hadi nikashika tawi kwa mikono miwili. Nilifurahi. Hicho ndicho ambacho sijawahi kumwambia padri, maana dhambi yenyewe naweza kuitaja jina, lakini ile furaha sijui niiwekeje.

Mama alirudi jua likiwa bado juu, na kifuko kidogo cha unga kichwani. Alisimama getini. Chini palikuwa na majani, matawi yaliyovunjika, na maembe machache madogo yaliyong'atwa mara moja na kutupwa. Hakuteremsha mzigo.

"Nani alifungua?"

"Minye, Mama."

Alingoja niseme neno la pili, la kunisaidia. Hakunipiga. Alikwenda kupika ule unga, akanipakulia, na yeye hakula. Kabla ya kulala alisema tu, "Kesho baada ya misa utaenda kumuambia mwenyewe."

Tulikwenda pamoja. Niliokota maembe sita yaliyobaki mazima, mabichi kabisa, nikayabeba kikapuni sijui kwa nini. Mama Ngalula na Kapinga walikuwa kwenye foleni ya maji, na Mama akaenda kuwasaidia, akaniacha mlangoni pa kibanda. Papa Mukendi alikuwa amelala, blanketi kifuani, amekonda hivi kwamba koti lake la misa lililotundikwa juu yake lilionekana la mtu mwingine. Nilipiga magoti. Nikamwambia yote: funguo, kamba, chumvi. Nilimwambia hata kwamba nilicheka. Aliyavuta yale maembe sita karibu naye. Alichukua moja, akalipapasa kwa kidole gumba mahali pa bega.

"Kuko mutoto mwenye alianguka?" akaniuliza.

Sikuelewa. "Hapana, Papa."

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna."

Akapumua. "Bon. Kuko tawi moja ya upande wa bomba, ndani imeoza. Kila mwaka ninasema nitaikata." Akakohoa, akageuza uso, akarudi. "Uambie mama yako bamutafute mutu wa kuikata. Mvua ikizidi, itaanguka na mutoto."

Basi. Nilikuwa bado magotini Kapinga aliporudi na ndoo, akaona kikapu, akaruka. "Maembe! Papa, maembe imefika?" Na baba yake akavuta ukingo wa blanketi, taratibu, akayafunika yale sita. "Bado," akasema. "Haijaiva. Georgette alikuja kutuambia tungojee kidogo." Kapinga alinikumbatia hata hivyo. Alinuka moshi. Mama alikuwa nyuma yake na ndoo nyingine, na alikuwa amesikia.

Gari moshi lilikuja siku nne baadaye, bila tangazo, saa sita mchana. Tulisikia habari watu walipokuwa tayari wanakimbilia huko. Mimi na Mama tulifika tukakuta mabehewa yamejaa hadi juu, watu wameketi juu ya mizigo juu ya paa, na hatukuweza kuona uso tunaoujua. Mama alitembea kando ya mabehewa akiita, "Mama Kapinga! Mama Kapinga!" na wanawake wengi waligeuka, kwa sababu jina lile ni la wengi, na hakuna aliyekuwa yeye. Walipoondoka, cherehani ilikuwa imebaki peke yake mahali pa kibanda, imefunikwa kwa kipande cha shuka.

Wiki ile ile mume wa Béa aliazima msumeno akakata lile tawi. Ndani lilikuwa jeusi na laini, unaweza kuingiza kidole. Béa alikuwa amerudi na mtoto wa kike. Mama alimpelekea uji siku arobaini, na kuhusu nusu ya embe hakuna aliyetaja tena. Shuleni Solange alirudisha vitabu vyake kwenye dawati letu. Niliketi naye hadi mwisho wa mwaka, na hatukuwa na cha kuambiana.

Barua ya Kapinga ilifika mwezi wa sita, imebebwa na mtu na mtu mwingine na mtu mwingine, kona zake zimekuwa laini kama kitambaa. Aliandika kwa Kifaransa cha shule, mwandiko wake mzuri uleule. Papa yake alifariki siku ya tisa ya safari. Gari moshi lilisimama porini kwa sababu ya injini, wakamzika kando ya reli, wakisaidiwa na wanaume wa behewa lao, na hawakujua mahali pale panaitwaje. Mama yake anauza chumvi sokoni. Yeye bado hajapata shule. Kisha, chini kabisa, mahali karatasi ilipokuwa inakwisha, maneno yamebanana: Papa alituzungumzia maembe njiani, alisema sasa hivi lazima yameiva, na kwamba msituwekee, mle yote ninyi. Niambie, yaliiva vizuri?

Nilikaa na barua ile siku mbili. Siku ya tatu, mchana, nikaketi kwenye meza ya jikoni na karatasi. Nilianza sentensi moja, nikaichana. Nikaanza nyingine. Mama alikuwa akichuja unga nyuma yangu, na nilisikia chekeche likisimama. Nikaandika: Ndiyo, yaliiva. Yalikuwa matamu sana msimu uliopita. Tulikula tukawakumbuka.

Mama alisoma juu ya bega langu. Alisoma polepole, kwa kuwa Kifaransa chake kilikuwa kidogo, akafika mwisho, akarudia kutoka juu. Akajifuta unga mikononi, akaenda chumbani kunitafutia bahasha.